Umeongeza RAM na gemu bado inakwama? Soma hii kabla hujarudi dukani

Wiki jana kijana mmoja wa Nyalenda alinijia hapa Kondele, Kisumu, na CPU (ile kesi nzima ya kompyuta) imefungwa kwa gunia, ameipakata kwa boda njia nzima kama kuku wa Krismasi, na hata kabla ya salamu akaniambia "fundi, nimeongeza RAM na sasa haiwaki kabisa". Nikafungua. Stiki mpya ya RAM, ile memori ya kazi ya mashine, iko ndani, imekaa poa, chipu zimejaa pande zote mbili, na si feki, ni Samsung kabisa. Shida ni kwamba ilitolewa kwa seva, na mashine yake ni Dell OptiPlex ya ex-UK, mtumba wa ofisi za Uingereza, yenye prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha sita. Hizo mbili haziwezani hata uzibembeleze vipi.

Nimefungua mashine za gemu kwa muda sasa, za watoto wa shule, za wanafunzi wa Maseno, za wazee wa kazi wanaocheza usiku nyumba ikishalala, na kitu nimeona ni hiki: wengi wanaokuja kutaka RAM shida yao si RAM, na wale shida yao ni RAM kweli, wengi wao RAM wanayo tayari ila imewekwa vibaya ama imechanganywa na ya ukoo mwingine. Sasa hapa nimeenda kwa dalili. Tafuta yako, lakini usiruke hii ya kwanza, tafadhali.

Pima kwanza

Fungua ile gemu yenye inakusumbua, cheza nusu saa ile ya ukweli, usikae tu kwa menyu. Ukiwa bado ndani bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, enda pale Performance halafu Memory. Hapo kuna karibu kila kitu fundi angekuuliza: RAM imetumika ngapi, inakimbia spidi gani, sloti ngapi zimejaa kati ya ngapi. Piga picha na simu. Halafu hapo hapo chungulia Disk, CPU (hapa ni prosesa) na GPU (kadi ya grafiki).

Ukikuta RAM imepita asilimia 90 na diski nayo imegonga 100, sawa, una njaa ya RAM. Ukikuta RAM iko 60 na GPU iko 98 ama 99, kadi yako ya grafiki imefika mwisho wa nguvu zake, na hata ukiweka RAM ya GB 64 hakuna fremu hata moja (zile picha za kila sekunde) utaongezewa, ni pesa umetupa ziwani. Prosesa ikiwa imejaa 100 na zingine zimepumzika, pia hiyo si kazi ya RAM.

Kuna ya nne inadanganya watu sana. Pale kwa GPU kuna mstari unaitwa Dedicated GPU memory. Ikiwa una kadi ya GB 4, kama GTX 1650 ama 1050 Ti, na umeweka tekscha (zile picha za kuta, nguo na ardhi) za juu kabisa, hiyo memori ya kadi inajaa, kadi inaanza kuazima RAM ya kawaida, na kwa kadi hiyo RAM ya kawaida iko mbali na iko polepole, kwa hivyo gemu inaanza kurukaruka. Mwenyewe anaona RAM inapanda anasema eh, RAM ndio kidogo. Si RAM. Shusha tekscha hatua moja uone, ni bure.

Gemu inakwama sekunde moja mbili halafu inaendelea, na taa ya diski haizimi

Hii ndio njaa ya RAM yenyewe. RAM ikijaa, Windows haisemi imeshiba, inaanza kuhamisha vitu kwenda kwa diski ili ipate nafasi, halafu gemu ikivitaka tena vinarudishwa. Ni kupika kwa meza ya futi moja, kila ukitaka kukata kitunguu lazima sufuria irudi stoo kwanza. Na hiyo stoo ikiwa ni HDD, ile diski ya kuzunguka, pole sana, kwa sababu HDD ya kawaida inapitisha kama MB 200 kwa sekunde, na hiyo ni siku yake nzuri, wakati stiki moja tu ya DDR4 (kizazi cha nne cha RAM) ya spidi ya 2400 inapitisha GB 19 kwa sekunde.

Sasa ni ngapi inatosha? GTA V ilipokuja kwa kompyuta 2015 ilitaka GB 4 kwa uchache na 8 ndio ucheze vizuri. FC 25 inataka 8 kwa uchache na 12 ndio inapendekezwa. Cyberpunk 2077 baada ya ile apdeti kubwa ya 2023 ni 12 kwa uchache, 16 kwa raha. Sasa ongeza Windows yenyewe, Chrome umeacha wazi na tabo kumi na nane, Discord, WhatsApp, na hujafungua gemu bado GB 3 ama 4 zimeenda. Ndio maana mtu wa GB 8 saa hii anateseka, na mimi mtu akiniuliza namwambia 16, ikiwa ni stiki mbili za 8. GB 32 ni ya mashine mpya ama mtu anayecheza huku anarekodi na kuedit video. Kucheza FC tu na GB 32 ni kununua lori la kubebea unga wa kilo mbili.

Lakini, na hapa nimewahi kujinyima biashara mara nyingi, kama mashine yako bado inabutia kwa HDD na pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua SSD kwanza, ile diski ya chipu isiyozunguka. Hata ile ya SATA ya kawaida. RAM ikijaa juu ya SSD gemu inajikwaa, RAM ikijaa juu ya HDD gemu inalala chini.

Kitu kingine, kuna video zinafundisha watu kuzima pagefile, ile sehemu ya diski Windows inahamishia vitu RAM ikijaa, ati mashine itakuwa nyepesi. Usiguse. Rudi kwa Task Manager uangalie neno Committed, kuna namba mbili, ya kwanza ikikaribia ya pili gemu inafungwa bila kuaga, na ukizima pagefile hiyo namba ya pili unaishusha mwenyewe kwa mikono yako. Jamaa wa Milimani alikuwa na GB 16 na gemu inamtupa nje kila usiku, ashabadilisha stiki mara mbili, kumbe alizima hiyo kitu mwaka juzi akasahau.

RAM inatosha kwa hesabu lakini fremu ni chache, hasa kama huna kadi ya grafiki

Hapa ndipo pesa nyingi za watu hupotea. Angalia ile picha ulipiga: sloti zilizotumika ni 1 kati ya 2, ama 1 kati ya 4? Basi shida yako inaweza kuwa hiyo.

Prosesa za kawaida za mezani zina njia mbili za kwenda kwa RAM. Stiki moja inatumia njia moja, ile ingine inakaa tu. Stiki mbili, moja kila njia, zinapitisha mara mbili: kwa 2400 ni kutoka GB 19 hadi 38 na kitu kwa sekunde. Kwa mtu mwenye kadi kubwa ya grafiki utaona tofauti kidogo, zaidi kwa zile fremu za chini, ile kuruka ukiingia kona. Lakini kwa mtu anayecheza na grafiki ya ndani ya prosesa, kama Ryzen 5 5600G ya AMD ama zile Intel HD, hiyo grafiki haina memori yake, inakula kutoka sahani moja na prosesa, na ukiipa njia moja unaiua. Kuna msichana wa Maseno alikuwa na 5600G na stiki moja ya GB 16, 3200, mpya kabisa, na analia ati prosesa ni mbovu. Nikamwazima mbili za 8 zenye spidi ile ile, seting sikugusa. Alicheza dakika tano hajasema kitu, halafu akaniuliza kama nimempatia kadi ya grafiki kwa siri.

Bodi (motherboard) ikiwa na sloti nne, nyingi zinataka stiki mbili ziingie ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa, zimeandikwa A2 na B2. Watu wanaziweka mbili zimekaribiana sababu inapendeza macho, na kwa bodi nyingi hapo umezifungia zote njia moja. Mashine za ofisi za Dell na HP zina mpangilio wao, fuata rangi na namba za kwa bodi, mara nyingi kuna mchoro ndani ya kifuniko. Ukimaliza usiamini macho, weka CPU-Z, programu ya bure ya kusoma vifaa vya mashine, fungua Memory. Iseme Dual, ama kwa matoleo mapya 2 x 64-bit. Ukiwa na DDR5 itasema 4 x 32-bit, usishtuke, hivyo ndivyo DDR5 imegawanywa.

Na kama una 8 na umepata 4 ya bure kwa rafiki? Weka. Intel itatumia GB 4 za hapa na 4 za pale kwa njia mbili, na zile 4 zimebaki zitaenda njia moja. Si kamili lakini ni afadhali kuliko 8 peke yake.

Nilinunua 3200, mashine inasema 2133

Kwanza angalia umeona wapi. CPU-Z inaonyesha mdundo wenyewe, na DDR inapitisha data mara mbili kila mdundo, kwa hivyo RAM ya 3200 itaonekana 1600 na hiyo ni sawa kabisa. Nimeona mtu amepanda matatu kutoka Kakamega mpaka Kisumu kurudisha RAM nzuri kwa sababu ya hiyo 1600. Zidisha kwa mbili, rudi nyumbani.

Ikiwa Task Manager yenyewe ndio inasema 2133 ama 2400, basi RAM imewaka kwa spidi yake ya kuzaliwa. Ile 3200 iliyoandikwa kwa boksi huwa ni profaili inangoja uiwashe: ingia BIOS (ile menyu ya seting kabla Windows haijawaka), tafuta XMP kwa Intel, ama EXPO kwa AMD za DDR5, na kwa bodi za AMD za DDR4 ASUS wanaita DOCP. Washa, sevu, toka. Imeisha.

Isipokuwa haiko. Kwa mashine za ofisi za ex-UK karibu zote hautaipata hiyo kitu, na spidi inaamuliwa na prosesa: i5-6500 ni 2133, i5-7500 ni 2400, i5-8500 ni 2666, hapo ndio mwisho hata ukiweka RAM ya 3600 yenye taa za disko. Bodi za Intel za bei ya chini pia hivyo hivyo mpaka B460, ni kuanzia B560 ya 2021 ndipo bodi za B ziliruhusiwa kukimbiza RAM. Kwa hivyo mwenye HP EliteDesk ama Dell OptiPlex asidanganywe alipie spidi. Na ukichanganya stiki ya 2666 na ya 2133 zote zitatembea 2133, mwenye miguu mifupi ndiye anaamua mwendo.

Umeingiza RAM, feni inazunguka, skrini nyeusi tii

Usipanike. Na usianze kubonyeza power mara kumi.

Kama ni DDR5 mpya, hasa Ryzen za 7000, mara ya kwanza mashine inajifunza hiyo RAM na inaweza kukaa dakika kadhaa na skrini nyeusi. Enda unywe chai. Ukizima katikati itaanza upya na utadhani imekufa.

Kama si hiyo, toa waya wa stima kabisa, bonyeza power sekunde chache imalize chaji iliyobaki, shika chuma cha kesi kwanza ili ule umeme wa mwili uende, zaidi kama uko Nakuru msimu wa upepo mkavu na umekaa juu ya kapeti ya nailoni. Toa stiki zote. Chunguza sloti na tochi ya simu. Hapa Kisumu vumbi na jasho la ziwa vinafanya kitu kama uji mkavu, na nimewahi kutoa utando mzima wa buibui ndani ya sloti haijawahi kutumika tangu mashine itoke Uingereza. Pangusa yale meno ya dhahabu ya RAM na ile raba ya kufuta penseli, polepole, upande wa dhahabu pekee, halafu pepeta makombo yatoke. Rudisha stiki moja tu. Sukuma mwisho huu, tah, sukuma mwisho ule, tah. Ukisikia tah moja tu haijaingia. Kuna bodi zina kishikizo upande mmoja pekee na hapo ndipo watu hudanganyika, ule upande wa pili unabaki juu milimita moja hivi na huwezi kuona bila kuinama.

Moja ikiwaka, zima, jaribu ile ingine kwa sloti hiyo hiyo. Halafu sloti ingine. Hivyo unajua mgonjwa ni stiki ama ni sloti. Bodi nyingi za kisasa zina taa ndogo imeandikwa DRAM, ikibaki inawaka ujue ni RAM. HP za ofisi za zamani zinalia mara tano na taa nyekundu inawaka mara tano, hiyo pia ni RAM inaitwa. Zikigoma zote, toa ile betri ya saa ya CR2032 dakika chache BIOS isahau seting za zamani, ujaribu tena.

Bado? Basi umenunua aina si yake, na hapa ndio kijana wa gunia anaingia.

DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, pengo la kwa meno limewekwa mahali tofauti makusudi. Ikikataa kuingia usilazimishe, nimeona sloti imepasuka. EliteDesk 800 G1 ni DDR3, G2 ni DDR4. OptiPlex 9020 ni DDR3, 7040 ni DDR4, lakini 3040 ambayo ni ya rika moja na 7040 inataka DDR3L, ile ya volti 1.35, na prosesa za kizazi cha sita hazikutengenezwa kwa ile DDR3 ya volti 1.5 hata kama inaingia. Kwa hivyo "ni i5 ya sita" haitoshi kumwambia muuzaji.

Jifunze kusoma stika tu, inakwambia yote. Chukua hii: 8GB 1Rx8 PC4-2400T-UA2-11. GB 8 umeelewa. PC4 ni DDR4, ingekuwa PC3 ni DDR3, PC3L ni ile ya volti ya chini. 2400 ni spidi. Kwa za PC3 wanaandika kwa namna ingine, 12800 ndio 1600, usidhani umepewa maajabu. Halafu ile herufi baada ya kistari cha pili, hiyo ndio ya maana kuliko zote: U ni ya mezani ya kawaida, S ni ya laptop, E ni ya mezani yenye kurekebisha makosa, na R ni ya seva. Kwa DDR4 U na R zina umbo moja na pengo mahali pamoja, zinaingia vizuri tu, tah tah, na mashine ya kawaida haiwaki. Stiki ya kijana ilikuwa imeandikwa 16GB 2Rx4 PC4-2133P-R. R hiyo hapo, imekaa wazi kwa karatasi nyeupe, na muuzaji alimwambia ni "RAM ya nguvu". Hata bei ilimwambia, maana R za zamani huwa bei ya chini kuliko U, na kitu kikiwa rahisi sana pale mtaa wa vifaa uliza kimetoka wapi.

Hiyo 1Rx8 nayo, kama una chaguo, ikiandikwa 1Rx16 ujue stiki ina chipu nne tu na kwa gemu iko nyuma kidogo ya ile ya chipu nane. Si ya kukataa, ni ya kushusha bei.

RAM inaonekana pungufu

Umeweka 16 na inasema 15.4 ama 13.9 inayotumika, hiyo nyingine imechukuliwa na grafiki ya ndani, unaweza kuipunguza kwa BIOS lakini kama unaitumia kuchezea iache. Inasema 3 na kitu tu? Umeweka Windows ya biti 32, weka ya 64. Inasema nusu kamili? Stiki moja haijakaa, ama sloti imekufa, ama pini za chini ya prosesa zimepinda, hii ya mwisho hutokea kwa bodi za Intel mtu akibadilisha prosesa kwa haraka. Angalia pia msconfig, pale Boot, Advanced options, kama kuna mtu alitiki Maximum memory, toa hiyo tiki. Na bodi zina mwisho wake: zile kuukuu za H61 ni GB 16 tu, usizibebeshe zaidi.

Skrini ya bluu, gemu inajifunga, faili za kudownload zinasema zimeharibika

Ukiona maneno kama MEMORY_MANAGEMENT ama PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, RAM ni mshukiwa wa kwanza ingawa si wa pekee. Kama uliwasha XMP juzi, izime kwanza ucheze siku mbili. Ikitulia, stiki zako hazielewani kwa hiyo spidi, shusha hatua moja, 3200 iwe 3000 ama 2933, maisha yaendelee.

Ikiwa bado, weka MemTest86 kwa flashi, butia nayo, iache ifanye kazi. Ile ya bure inazunguka mara nne na kwa GB 16 ni saa kadhaa, kwa hivyo watu huiacha usiku, isipokuwa hapa kwetu ukiona mawingu yamejikusanya upande wa ziwa jioni usianze, stima itapotea kwa mzunguko wa tatu na utatukana. Kosa hata moja ni kosa, RAM yenye afya haina makosa matatu ya kusamehewa. Ikileta kosa pima moja moja uipate.

Sababu kubwa ya hii dalili ni kuchanganya. Stiki mbili za kampuni moja, spidi moja, zilizonunuliwa miezi tofauti, zinaweza kuwa na chipu tofauti ndani. Mara nyingi zitakubali, mara zingine zitagombana usiku wa saa sita ukiwa fainali. Kwa DDR5 kuwa mkali zaidi: Ryzen 7000 na stiki mbili AMD wanahesabu 5200, na stiki nne wanashuka mpaka 3600. Kwa hivyo huko nunua 2 za 16, usinunue 2 za 8 leo na mpango wa kuongeza 2 baadaye.

Na mashine ikizimika ghafla tii bila skrini ya bluu, gemu ikiwa imepamba moto, hiyo wacha RAM, angalia pawasaplai na joto.

Ukiamua kununua kweli

Mashine ya DDR3: mbili za 8, 1600, za mtumba, hapo basi. Usiweke pesa kubwa kwa mzee. Ryzen za AM4 (zile za DDR4): mbili za 8 ama mbili za 16, 3200 CL16 ama 3600 CL18 (CL ni midundo RAM inangoja kabla ya kujibu), usigombane na mtu kuhusu hizo mbili, ukipiga hesabu ya CL mara 2000 gawanya kwa spidi zote zinakupa nanosekunde 10. AM5 (Ryzen za DDR5): 6000 CL30 ndio watu wametulia nayo, na hesabu ni ile ile 10. Mashine ya ofisi: spidi ya prosesa yake, herufi U, na hakuna haja ya taa.

Tangu mwisho wa 2025 bei imepanda dunia nzima kwa sababu Samsung, SK Hynix na Micron wameelekeza nguvu kwa memori za seva za AI, kwa hivyo mtumba umekuwa mtamu na wajanja wameamka. Ukiagiza kutoka Nairobi ije na shato, ile matatu ya masafa, mwambie muuzaji akupigie picha ya stika upande mmoja na chipu upande wa pili kabla hujatuma pesa. Stika imetolewa ama imebandikwa juu ya ingine, achana nayo. Ikifika, fungua CPU-Z pale SPD, soma ukubwa na spidi, lazima vifanane na stika. Na kubaliana siku za kurudisha kwa maandishi, hata meseji tu.

Kijana wa Nyalenda hakuwa amekubaliana chochote na muuzaji akakataa kata kata. Ila kuna jamaa Mamboleo ana HP Z440, na hiyo ndio mashine inataka hasa hizo za R, na kwa droo alikuwa na stiki ya GB 8 ya U imebaki kwa mashine ya zamani. Wakabadilishana hapa kwa meza yangu. Nikaiweka kwa mashine ya kijana, kando ya ile 8 alikuwa nayo, tah tah, CPU-Z ikasema Dual, 2133, vile i5 yake inaweza. Alirudi na boda ile ile, CPU mapajani, gunia akaniachia.